Mwanangu ana usonji, watu wanasema hajui jema na baya. Naombeni mnisaidie kuelewa

Mama wa Mwaloni (Kigoma)

Habari zenu wakuu. Naandika kutoka Kibirizi, Kigoma. Nauza dagaa na migebuka hapa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, huu ni mwaka wa kumi na mbili. Nina mtoto wa kiume, ametimiza miaka 11. Ana usonji, ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto awaelewe watu na maneno kwa namna tofauti na wengine. Daktari alituambia hivyo Dar es Salaam mtoto akiwa na miaka sita, baada ya safari mbili za treni, na baada ya watu kunieleza kuwa ni jini, ni kudekezwa, ni kukosa baba wa kumkemea. Anaongea vizuri, anasoma, na kwa hesabu anawapita kaka zake. Mwezi ukianza kujaa yeye ndiye anayetutangazia mitumbwi italala lini, maana usiku wa mbalamwezi taa haivuti dagaa, na siku zake hazijawahi kupishana na za wavuvi.

Sitafuti dawa. Nataka kuelewa jambo moja tu: mwanangu anajua jema na baya, au hajui? Watu wa hapa wameshaamua kwamba hajui, na kuna siku nakosa cha kuwajibu. Nitawaeleza yaliyotokea, ndipo mtanielewa.

Nilimfundisha kwamba mkubwa huamkiwa shikamoo. Akawa anamwamkia kila aliyemzidi hata kwa mwezi mmoja. Wenzake darasani wakawa wanamsubiri mlangoni asubuhi ili waamkiwe, wanaitikia marahaba huku wanacheka. Nikamwambia hao ni wenzako, usiwaamkie. Kisha tukaenda kwa baba. Mdogo wangu wa mwisho, mtoto wa mke mdogo wa baba, ana miaka tisa. Kwa mwanangu huyo ni mjomba. Baba akamwambia, "Mwamkie mjomba wako." Akakataa. Akasema, "Mama alisema wakubwa. Huyu nimemzidi miaka miwili." Baba hajalisahau mpaka leo, anasema mtoto ana dharau.

Lingine ni la jirani. Mama mmoja mtu mwema sana, mwanangu alipokwenda kwake mara ya kwanza alimwambia, "Karibu mwanangu, jisikie huru, hapa ni kwenu." Siku ya tatu nikiwa sokoni kijana akaingia kwa yule mama, akapita moja kwa moja hadi jikoni, akafunua sufuria, akajipakulia migebuka miwili ya mawese iliyokuwa imewekewa mgeni, akakaa akala. Alipomaliza akaosha sahani yake na kuirudisha kwenye kabati. Jirani akapiga kelele za mwizi. Mwanangu alilia siku nzima, lakini si kwa kujuta. Alikuwa anarudia, "Alisema ni kwetu. Kwetu napakua mwenyewe."

Na hili la tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Mteja alitoka Kasulu, anataka sado nne. Akauliza, "Dagaa wa leo hawa?" Nikasema wa leo mama, wakavu kabisa. Mwanangu alikuwa amekaa juu ya ndoo nyuma yangu. Akasema, bila kupandisha sauti, "Wa juu ni wa jana. Wa chini ni wa Jumamosi, walinyeshewa kwenye chanja." Mteja akaondoka. Wenzangu wa meza za pembeni walinihurumia mimi, wakasema mtoto wa hivi atakufilisi, hajui hata kumsitiri mama yake.

Mwisho, binamu yake aliteleza kwenye tope akaangukia tochi ya mwanangu ikapasuka kioo. Kila mtu aliona ni bahati mbaya. Ni mwezi wa nne huu hamsalimii, na kila Ijumaa ananiuliza, "Ataadhibiwa lini?" Tukimwambia hakukusudia, anajibu, "Lakini imevunjika."

Shuleni wanasema ni tabia. Shemeji yangu anasema ni fimbo imepungua. Mimi namwona mtoto ambaye hajawahi kuniibia hata shilingi mia, hajawahi kumpiga mdogo wake, na akikuta mwanambuzi kajinyonga na kamba anakimbia kumfungua kabla ya mtu mzima yeyote. Sasa huyo anawezaje kuwa hajui jema na baya?

Mzee wa Gungu

Mama, pole. Mimi nimelea watoto saba na wajukuu sina idadi. Sisemi kwa ubaya. Mtoto aliyeingia jikoni kwa watu akala chakula cha mgeni, zamani angechapwa mara moja na asingerudia. Magonjwa haya yenye majina mapya yanawafanya wazazi waogope watoto wao. Mtoto akimwaibisha mama yake mbele ya mteja akaachwa, kesho atamwaibisha kwenye msiba. Mpende, lakini mnyooshe angali mbichi.

Mwalimu wa Kitengo (Tabora)

Mzee wangu wa Gungu, shikamoo. Naomba nitofautiane nawe kwa heshima, na nikimaliza utanihukumu.

Mdogo wangu wa mwaloni, mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, nilisomea Patandi kule Arusha, na miaka mingi nimefundisha hapa Tabora. Swali lako ni zito kuliko unavyodhani, na limeulizwa na watafiti wakubwa. Naanza na mtego ambao hata sisi walimu tunauingia.

Mwaka 1985 watafiti watatu wa Uingereza, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, walichapisha jaribio linalofundishwa mpaka leo. Wana wanasesere wawili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi kwenye kikapu chake, anatoka. Anne anaihamishia kwenye boksi. Sally anarudi. Mtoto anaulizwa: Sally ataitafuta wapi? Mtoto anayeelewa kwamba Sally hakuona atasema kwenye kikapu. Kati ya watoto 20 wenye usonji waliopimwa, 16 walionyesha mahali gololi ilipo kweli, kwenye boksi. Watu wakatoka na hitimisho la haraka: kama mtoto hajui mwenzake anawaza nini, basi hajui mwenzake anaumia, basi hajui baya. Hizo ni hatua tatu, na jaribio lile lilipima ya kwanza peke yake.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mtafiti wa Marekani, Elliot Turiel, alionyesha kwamba watoto wadogo kabisa hutenganisha makosa ya aina mbili. Kuna yale yanayomuumiza mtu: kupiga, kuiba, kuharibu kitu cha mwenzio. Na kuna yale ya utaratibu tu: sare, mahali pa kukaa, nani azungumze kwanza. Utayatenganisha kwa swali moja: je, mwalimu akiruhusu, inakuwa sawa? Mtoto atakwambia mwalimu akiruhusu kuja bila sare, sawa. Lakini mwalimu akiruhusu kupiga, bado ni vibaya. Mwaka 1996 James Blair aliwauliza watoto wenye usonji maswali ya namna hiyo. Walitenganisha. Na hata wale walioshindwa majaribio kama lile la gololi, walitenganisha. Mtoto asiyeweza kusema Sally ataangalia wapi, anaweza kukwambia bila kusita kwamba kumpiga mtu ni vibaya hata kama mkubwa ameruhusu.

Kwa hiyo visa vyako viwili vya kwanza usiviweke kapu moja na kuiba na kupiga. Salamu ni utaratibu. Hapo kwenu mzee wa Kiha huamkiwa kwa makofi ya taratibu, Zanzibar mtoto hubusu mkono wa mkubwa, na wote wawili wana adabu. Mwanao alipewa kanuni ya umri, akaifuata kuliko mtu yeyote pale uani kwa baba yako. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kanuni ya ukoo inayoikalia ile ya umri. Watoto wengine huinusa hewani. Yeye inabidi aambiwe, kwa maneno, pamoja na sababu: "Mjomba huamkiwa kwa sababu anasimama mahali pa mama yako, hata akiwa mchanga wa wiki moja."

Na jirani hivyohivyo. Mwizi haoshi sahani akairudisha kabatini. Aliambiwa hapa ni kwenu, akaishi kama kwao. Mwambie hivi: "Mtu akisema hapa ni kwenu, anasema nakupenda, njoo tukae. Chakula bado unaomba." Na mwombe jirani naye aseme anachomaanisha. Ataona ni jambo geni, lakini nimeona majirani wengi wakizoea.

Kisa cha tochi ndicho kigumu kweli, na hapo sitakudanganya kwamba ni utaratibu tu. Mwaka 2011 kulichapishwa utafiti wa watu wazima wenye usonji, watu wenye akili nzuri kabisa, waliosomewa hadithi fupi. Kwa mfano, mtu anamtilia rafiki yake unga kwenye kahawa akiamini ni sukari, kumbe ni sumu, rafiki anakufa. Wengine husema masikini, hakujua. Wenye usonji walimlaumu zaidi kuliko tunavyomlaumu sisi. Walijua fika kwamba kuua ni vibaya. Kilichowawia kizito ni kuichukua nia iliyo moyoni mwa mtu na kuipa uzito kushinda maiti iliyo mbele ya macho. Mwanao anakwambia jambo lilelile: "Lakini imevunjika." Kioo anakiona, ila kuteleza kwa binamu yake alikoshuhudia kila mtu kwake ni habari ndogo, kwa sababu hakukubaki mahali popote pa kushikika.

Kwa hiyo kifanye kishikike. Mchoree. Picha ya kwanza tope, ya pili mguu unateleza, ya tatu binamu yuko hewani, juu ya kichwa chake andika anachowaza: "Naanguka!" Ya nne tochi. Muulize katika picha ipi binamu anawaza tochi. Atatafuta, hataiona. Usiifanye siku moja ukaacha.

Mzee wangu, sasa fimbo. Fimbo humwambia mtoto kwamba umekosea. Haimwambii ulikosea nini. Mtoto wa kawaida atakisia, maana anajua nyuso za watu. Huyu akichapwa baada ya kula migebuka anaweza kutoka na funzo kwamba migebuka ni haramu, au kwamba jirani ni mtu hatari. Nimewahi kuwa na mwanafunzi ambaye baada ya kuchapwa hakugusa tena rangi ya bluu, na tulichukua muhula mzima kugundua kwamba siku ile alikuwa ameshika kalamu ya bluu. Nilimkuta chooni amekaa na kalamu yake ndani ya soksi, anatetemeka. Sijaisahau sura ile.

Mdogo wangu, fanya jambo moja. Muulize mwanao maswali yale mawili, la sare na la kupiga, mkiwa wenyewe tu, bila haraka. Ukirudi utuambie alivyojibu.

Fundi Cherehani (Tabora)

Nimesoma mara tatu kabla ya kuandika, kwa sababu nataka niseme sawasawa.

Dada, mimi nina usonji. Nina miaka 34. Nashona nguo hapa Tabora, si mbali na stesheni, na nilipimwa nikiwa mtu mzima baada ya dada yangu, ambaye ni muuguzi, kusoma kuhusu mambo haya na kunitambua. Mwalimu ameeleza vizuri kwa nje. Mimi nitakueleza kwa ndani.

Nilipokuwa na miaka minane babu yangu alifariki. Maiti iko chumbani, watu wanaingia uani, na kila anayeingia anaulizwa, "Habari za huko?" Anajibu, "Nzuri." Naye anauliza, "Habari za hapa?" Shangazi, macho mekundu, anajibu, "Nzuri." Nikasimama katikati ya mkeka nikapiga kelele: "Mnadanganya! Babu amekufa!" Nilichukuliwa nyuma ya nyumba nikachapwa na mtu ambaye mwenyewe alikuwa analia.

Niliona jambo baya na nikalikemea. Nilikuwa nimefundishwa madrasa kwamba uongo ni dhambi, na pale wakubwa wote wanasema uongo juu ya babu niliyempenda. Nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ndipo dada yangu aliponiambia: "Nzuri si habari. Nzuri ni hodi. Mtu anakuambia mlango uko wazi, habari yenyewe inakuja baada ya kukaa." Nilikaa kwenye cherehani nikalia. Sentensi tatu tu, na nilizisubiri miaka kumi na tatu.

Kwa hiyo ukiniuliza kama watu kama mimi tunajua jema na baya, nasema ndiyo, na mara nyingine linatuchoma kuliko linavyowachoma wengine. Tunachokosa ni ile orodha ya mahali ambapo maneno hayamaanishi maneno. Na Kiswahili kimejaa hizo. "Karibu tule" mtu anapokula na chakula ni kidogo. "Nakuja" anapoondoka. "Kesho" ya fundi, na mimi mwenyewe fundi, wateja wangu wanashangaa kwamba nikisema kesho ni kesho.

Nina daftari. Nililianza nikiwa na miaka 22 na bado naandika. Kurasa za kushoto: *Yanayoumiza watu*. Kurasa za kulia: *Ya hapa kwetu*. Upande wa kushoto una mistari tisa tu na haijabadilika. Upande wa kulia sasa ni daftari la nne. Ninaona kwamba shida kubwa niliyopata utotoni ni kuchapwa kwa ya kulia kwa ukali uleule wa kushoto, nikakua nikiamini kwamba kusahau shikamoo na kumvunja mtu mkono ni dhambi zenye uzito mmoja. Msaidie mwanao ajue lipi liko upande upi. Hofu yake itapungua.

Dada, sasa nitasema jambo kwa sababu nakuheshimu. Kwenye dagaa, mwanao alikuwa sahihi. Usimfundishe kunyamaza pale. Mfundishe upande wa kulia, yaani ninong'oneze mama kwanza, usimseme mtu mbele ya mteja. Lakini la kushoto liache kama lilivyo.

Na kuna jambo ambalo hukuuliza, nalo ndilo lililonifanya niandike. Nilipokuwa na miaka 15 vijana wanne walikuwa wamekaa chini ya mwembe. Mmoja akaniambia, "Kachukue ile ndoo ya asali pale, mwenyewe ameruhusu, anatuletea sisi." Nikaenda nikaichukua, mchana kweupe, nikaibeba kichwani kwa kuipenda kazi. Nilifika hatua kama thelathini. Walionipiga walisema naiba bila hata aibu. Sikuwa na aibu kwa sababu sikuwa naiba. Jino hili la mbele liliondoka siku ile. Wale wanne walikimbia wakicheka.

Nilijua wizi ni mbaya. Sikujua kwamba mtu anaweza kuchukua neno zuri kama "ameruhusu" na kulifanya chambo. Mwanao anakaa mwaloni, na mwaloni kuna kila aina ya watu. Mpe kanuni ngumu kabisa, zisizo na mlango wa nyuma: kitu cha mtu sikichukui mpaka mwenye kitu aniambie kwa mdomo wake. Mtu mzima akiniambia nisimwambie mama, namwambia mama siku hiyohiyo. Mwili wangu, vivyo hivyo. Sisi tukipewa kanuni tunaishika. Itumie hiyo imlinde.

Kuna mtafiti mmoja wa Uingereza, Damian Milton, naye mwenyewe ana usonji. Mwaka 2012 aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: sisi hatuwasomi ninyi, na ninyi hamtusomi sisi, ila mzigo wa kujirekebisha tunatwishwa sisi peke yetu. Nilipolisikia hilo niliona mtu amefungua dirisha. Mwanao alipolia siku nzima kwa kuitwa mwizi, nani pale uani alijisumbua kumsoma yeye?

Ustadhi wa Ujiji

Assalaam alaykum. Mimi nina neno moja juu ya tochi. Hadithi ya kwanza tunayowahifadhisha watoto madrasa ni ile ya kwamba matendo ni kwa nia. Tunawahifadhisha Kiarabu chake, tafsiri tunaipitia mbio. Mama, kama mtoto anaijua kwa moyo, na kwa anavyopenda kanuni naamini anaijua, msome naye polepole, kisha mwambie: binamu yako alipoteleza, nia yake ilikuwa nini? Alikuwa na nia ya kufika nyumbani. Kanuni ya nia nayo ni kanuni. Huenda akaikubali kuliko kuambiwa "msamehe tu." Nami leo nitairudia na wangu darasani, maana sina hakika wangapi wanajua wanachosoma.

Mdau wa Mwanga (Kigoma)

Nyongeza kidogo kwa waliosema mwizi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 15: mtoto chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai. Chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba wakati ule alikuwa na uwezo wa kujua kwamba hapaswi kufanya alichofanya. Mtoto huyu ana 11. Yaani sheria yenyewe kabla ya kumshika inauliza swali alilouliza mama yake. Na kuhusu shuleni, kanuni za mwaka 2002 haziruhusu zaidi ya viboko vinne, na ni kwa mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi. Nenda ukaongee nao ukijua hilo.

Mama wa Mwaloni (Kigoma)

Wakuu, nimerudi. Zimepita wiki mbili, mitumbwi ilikuwa imelala kwa ajili ya mbalamwezi, nikapata muda.

Mwalimu, nilimuuliza. Tulikuwa tumekaa kwenye kokoto jioni, anapanga mawe kwa ukubwa. Nikasema, mwalimu wako akitangaza kesho ni ruksa kuja bila sare, ukienda na nguo za nyumbani ni vibaya? Akafikiri sana. Akasema, "Ametangaza kwa wote?" Nikasema kwa wote. "Basi si vibaya. Kanuni imebadilika." Nikasema, na akitangaza ni ruksa kumpiga mwenzako? Hakufikiri hata kidogo. Aliacha mawe akaniangalia, jambo ambalo huwa hafanyi, akasema, "Bado itamuuma."

Nilishindwa kuendelea na maswali.

Fundi, kaka yangu, nimekusoma nikiwa kwenye meza yangu na wenzangu wakaniuliza nalia nini. Nimemnunulia daftari. Tumechora mstari katikati. Ile kanuni ya kitu cha mtu ndiyo aliyoiandika ya kwanza, kwa herufi kubwa, na mdogo wake ameshaihifadhi kwa kuisikia. Ameuliza kama kuku akiingia kwenye uwanja wetu mwenyewe tunamtoa au tunamsubiri mwenye kuku atoe ruhusa kwa mdomo wake. Nimemwambia tutaliandika ukurasa wa kulia.

Na la dagaa, umesema kweli. Nililijua nilipokuwa naandika swali lile, ndiyo maana nilisema linanikosesha usingizi. Sasa ninaweka mafungu mawili, waliokauka vizuri na walionyeshewa, na wa pili nawauza kwa wafugaji wa kuku kwa bei ya chini. Wiki ya kwanza nilipungukiwa. Yule mama wa Kasulu sijamwona tena, ningependa kumwona.

Kwa baba tulikwenda Jumapili. Mwanangu alimwendea mjomba wake wa miaka tisa akasema, "Shikamoo mjomba, unasimama mahali pa mama." Mtoto wa watu akaona haya akakimbilia nyuma ya nyumba. Baba alikaa kimya, kisha akamwita mwanangu akakaa karibu naye kwenye mkeka. Hakusema kitu.

Jirani bado. Anaitikia salamu tu. Nitakwenda tena.

Mzee wa Gungu, sikuchukia ulichoandika. Wewe umesema mpende, na ninampenda.

Tochi: tumechora picha mara sita. Mara ya nne aliifuta ile ya binamu akiwa hewani akaichora upya, kwa sababu alisema mikono niliiweka vibaya, mtu anayeanguka huitanguliza mbele. Akaitanguliza mbele. Akaikalia ile picha mpaka giza likaingia. Juzi Ijumaa nikasubiri lile swali lake la ataadhibiwa lini, halikuja. Jana binamu alipita njia ya juu na ndoo ya maji, mwanangu akamtazama mpaka akapotea kwenye kona, akasema peke yake, "Aliteleza." Hajamsalimia bado.